Nirudishe Nilipokuwa: Mlango Ambao Mtandao Uliuacha Wazi

Hebu nikuulize kitu. Umetumiwa linki ya kulipia kitu, ukaifungua, tovuti ikakwambia "ingia kwanza". Ukaweka jina na paswadi, na mara ukajikuta pale pale kwenye ukurasa wa malipo uliokuwa unautaka. Hukutafuta tena, hukuanza upya. Sasa niambie, ile tovuti ilijuaje ulikuwa unaenda wapi?

Wengi nikiwauliza hivi wananijibu, "Si ilikumbuka tu." Ukweli ni kwamba mara nyingi haikukumbuka chochote. Iliambiwa. Na iliyoiambia ni ile linki uliyobofya, ambayo pengine iliandikwa na mtu usiyemjua kabisa.

Hiyo ndiyo stori ya leo, na ina zaidi ya miaka 30. Inaanzia Uswisi, inapitia Illinois na Kansas kule Marekani, na inaishia kwa simu yako. Naiandika kwa sababu moja. Kila msee akipoteza akaunti mtandaoni sisi hukimbilia kumcheka: "Kwani hukuangalia linki?" Mimi naona tunamlaumu mtu asiyefaa. Ukiifuata historia utaona kwamba wajenzi waliijua hatari mapema, wakaiandika, wakaionya dunia, na bado mlango ukabaki wazi.

Mtandao usio na kumbukumbu

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, aliandika pendekezo la mfumo wa kuunganisha nyaraka za watafiti. Kufikia mwisho wa 1990 alikuwa na seva na brauza ya kwanza zikifanya kazi. Lugha ya mazungumzo yao, HTTP, ilikuwa rahisi ajabu. Brauza inaomba ukurasa, seva inautoa, mazungumzo yanaisha. Ukirudi sekunde mbili baadaye, kwa seva wewe ni mgeni kabisa.

Fikiria mwenye duka anayesahau sura yako kila unapogeuza mgongo. Umenunua mkate, umefika mlangoni, umekumbuka maziwa, ukirudi anakuuliza, "Karibu, wewe ni nani?" Kwa watafiti waliokuwa wakisoma nyaraka tu, hiyo haikuwa shida. Seva isiyobeba kumbukumbu ni nyepesi, na wepesi huo ulisaidia mtandao kuenea haraka.

Kumbukumbu ilikuwa upande wako. Mwaka 1993 Marc Andreessen na Eric Bina, wakiwa NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, walitoa brauza ya Mosaic, ile iliyowafanya watu wa kawaida waanze kuujali mtandao. Ilikuwa na vitufe vya kurudi nyuma na kwenda mbele, kama unavyovijua leo. Ukikibonyeza kitufe cha kurudi, brauza inasoma orodha yake yenyewe ya mahali ulipopita. Seva haina habari na orodha hiyo.

Kwa hivyo kuna kurudi kwa aina mbili. Kuna kurudi unakokufanya wewe kwa kitufe, na kuna kurudishwa na tovuti. Kwa aina ya kwanza, orodha iko mkononi mwako. Kwa aina ya pili, tovuti isiyokumbuka kitu lazima ipate habari kutoka mahali fulani. Hapo ndipo mambo yanaanza kuharibika.

Neno lililoandikwa vibaya

Wazo la kwanza lilikuwa brauza iseme mlangoni, "Nimetoka ukurasa fulani." Pendekezo hilo lilitoka kwa Phillip Hallam-Baker, na likapewa jina Referer. Ukiwa mkali wa Kiingereza umeshaona kosa: neno hilo linataka r mbili katikati. Walipogundua, lilikuwa tayari limeingia kwenye programu za watu. Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa kanuni za HTTP, alieleza kwamba hata kikagua tahajia cha Unix hakikulitambua neno hilo kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Mei 1996 kanuni za HTTP/1.0 zilichapishwa kama RFC 1945, kosa likiwa ndani, na mpaka leo brauza yako hulituma hivyo hivyo.

Kila mtu hucheka kosa hilo la tahajia halafu anaendelea na shughuli zake. Lakini ukisoma maelezo yake utakuta mambo mawili mazito zaidi.

La kwanza, Referer haikuwekwa ili kumrudisha mtu. Iliwekwa ili mwenye seva ajue ni nani wanaoelekeza watu kwake, aweke kumbukumbu, na afuatilie linki za zamani au zilizoandikwa vibaya azirekebishe. Ilikuwa kazi ya usafi.

La pili, waraka huo huo ulitoa onyo. Ulisema kwamba mahali mtu alikotoka panaweza kuwa siri yake, na ukapendekeza kwa nguvu kwamba mtumiaji aweze kuchagua kama habari hiyo itumwe au isitumwe. Hiyo ni 1996, kabla wengi wetu tunaosoma hapa hatujazaliwa.

Lakini developa ni mtu wa kutumia kilichopo. Akaona brauza inasema mtu ametoka wapi, akawaza, "Basi nikimaliza naye nitamtuma huko huko." Ikafanya kazi, mara nyingi. Tatizo ni zile siku ambazo Referer haipo kabisa, kwa sababu mtu ameandika anwani mwenyewe, ameizima, au ametoka kwenye programu isiyoituma. Na tatizo kubwa zaidi ni pale panapohitajika kuingia kwanza.

"Ingia kwanza" inabadilisha kila kitu

Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki, kale kafaili kadogo ambako seva huacha kwenye brauza yako ili ikutambue ukirudi. Mwenye duka sasa alikuwa amekupa kadi. Kuanzia hapo tovuti zikaweza kuwa na kikapu cha kununulia, akaunti, barua pepe, benki. Na palipo na akaunti pana mlango, na palipo na mlango pana "ingia kwanza".

Angalia kinachotokea. Unaomba ukurasa wa malipo. Seva inaona hujaingia, inakuelekeza kwenye ukurasa wa kuingia. Unajaza paswadi, unatuma. Sasa ukiiuliza Referer umetoka wapi, itajibu kwa uaminifu kabisa: umetoka kwenye ukurasa wa kuingia. Safari yako halisi imepotea.

Wajenzi wakapata dawa ya haraka. Wakaamua kuiandika safari kwenye anwani yenyewe. Unapoelekezwa kuingia, anwani inakuwa hivi (jina ni la kubuni tu): benkiyako.example/ingia?next=/malipo. Ile "next" inamwambia seva: huyu akishaingia, mpeleke kwenye malipo. Wengine wanaiita "return", wengine "continue", wengine "url". Kazi ni ile ile.

Ni dawa tamu kusema kweli. Haihitaji kumbukumbu yoyote kwa seva. Unaweza kuituma kwa rafiki na ikafanya kazi. Nimewahi kutumia tovuti ya kulipia karo ambayo haikuwa na kitu kama hiki, na kila ukiingia inakutupa ukurasa wa mwanzo uanze kutafuta upya, bando likiisha. Kwa hivyo sisemi watu waache kurudishwa walikotoka. Nasema tuangalie ni nani anayeshika kalamu.

Kwa sababu anwani ni maandishi, na maandishi anaweza kuyaandika yeyote. Badala ya /malipo, tapeli anaandika anwani nzima ya tovuti yake: benkiyako.example/ingia?next=https://mwizi.example. Anakutumia. Unaangalia mwanzo wa linki kama ulivyofundishwa, unaona jina la benki yako, la kweli kabisa. Unafungua, ukurasa ni wa benki kweli. Unaweka paswadi, benki inaikubali. Halafu benki, kwa mkono wake yenyewe, inakupeleka kwa mwizi.

Kule unakuta ukurasa unaofanana kabisa na ule uliotoka, umeandikwa "Paswadi si sahihi, jaribu tena." Nani kati yetu hajawahi kukosea paswadi? Unaiandika tena. Imeisha hiyo.

Ni kama estate yenye soja wa geti. Mgeni anakuja na karatasi imeandikwa "mpeleke nyumba nambari fulani". Soja anamwangalia mgeni, kitambulisho, kila kitu, yuko sawa. Halafu anasoma karatasi na kumpeleka ilipoandikwa, hata kama ni nje ya ukuta, kwenye uchochoro. Hajawahi kuuliza nani aliandika ile karatasi.

Kwa lugha ya usalama, pengo hili huitwa "open redirect", na kwenye orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu lina nambari yake, CWE-601.

Kansas, na jina lililojiamini sana

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa kila anayejifunza kuandika kodi akijue. Mwaka 2003, katika gazeti la Lawrence Journal-World kule Lawrence, Kansas, Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kujenga zana za kuendesha tovuti za gazeti. Zana hizo zikazaa Django, iliyotolewa kwa umma mwaka 2005, na ambayo developa wengi hapa Nairobi wanaitumia.

Django ilikuwa na ile "next" kwenye ukurasa wake wa kuingia, na ilikuwa ikiikagua. Ukaguzi ukaonekana hautoshi. Desemba 2012 wakatoa marekebisho ya usalama yenye kifaa kipya cha kukagua anwani za kurudi. Wakakiita is_safe_url, yaani "je, anwani hii ni salama?" Kikijibu ndiyo, unamrudisha mtu. Kikijibu hapana, unampeleka ukurasa wa kawaida. Shida imeisha, au sivyo?

Haikuisha. Mei 2014 ikabidi wakirekebishe, kwa sababu brauza fulani zilikubali anwani zilizopinda ambazo kifaa kilidhani ni za ndani. Januari 2015, tena: nafasi tupu mbele ya anwani ilitosha kukizuga. Machi 2015, tena: herufi za siri zisizoonekana. Machi 2016, tena: alama ya @. Aprili 2017, tena: anwani zilizoandikwa kwa tarakimu tupu. Hawa ni watu makini, kodi yao inasomwa na dunia nzima, na bado kitu kinachoonekana cha mistari michache kiliwatoa jasho miaka mitano.

Kwa nini ni ngumu hivyo? Kwa sababu mkaguzi na brauza hawasomi anwani kwa macho mamoja. Chukua mkwaju, ile alama ya /. Anwani ya ndani huanza na mkwaju mmoja, kama /malipo. Developa anaandika kanuni: ikianza na mkwaju, ni ya kwetu. Lakini anwani inayoanza na mikwaju miwili, //mwizi.example, brauza huisoma kama tovuti nyingine kabisa. Sawa, unaizuia hiyo. Anakuja na mkwaju uliogeuzwa, \, na brauza nyingi huuchukua kama mkwaju wa kawaida. Unazuia na hiyo. Anakuja na benkiyako.example@mwizi.example, ambapo kila kilicho kabla ya @ huhesabiwa kuwa jina la mtumiaji na tovuti halisi ni ya mwizi. Au benkiyako.example.mwizi.example, inayopita kwa yeyote anayekagua mwanzo tu, ilhali mwenye tovuti hujulikana mwishoni mwa jina, si mwanzoni.

Desemba 2019, katika Django 3.0, walifanya kitu ambacho naona ni cha busara kuliko marekebisho yote. Walibadilisha jina. Kifaa kikaacha kuitwa is_safe_url, kikaitwa url_has_allowed_host_and_scheme. Ni refu na linachosha, lakini linasema kile tu kinachofanywa: anwani hii ina tovuti iliyoruhusiwa na aina iliyoruhusiwa. Halikuahidi tena usalama. Jina la kwanza lilimfanya developa alale. Hili la pili linamwambia, kuna kazi imebaki, na ni yako.

Wenzao wa Rails, iliyoanzishwa na David Heinemeier Hansson wa Denmark mwaka 2004, walipita njia yao. Walikuwa na amri fupi ya kumrudisha mtu alikotoka kwa kutegemea Referer. Referer ikikosekana, programu inaanguka. Toleo la 5.0 la mwaka 2016 likaleta amri mpya inayokulazimisha utaje mahali pa kumpeleka mtu kama hakuna pa kumrudisha. Toleo la 7.0, Desemba 2021, likaongeza ulinzi unaokataa kumtuma mtu nje ya tovuti yako isipokuwa umesema wazi kwamba unataka. Hesabu mwenyewe: tangu RFC ya 1996 mpaka hapo ni miaka 25.

Waliosema si shida kubwa

Mwaka 2010 OWASP, shirika linalochapisha orodha ya hatari 10 kuu za programu za mtandao, liliweka pengo hili nambari 10. Likabaki hapo kwenye orodha ya 2013. Orodha ya 2017 ilipotoka, halikuwemo. Wengine wakalichukua hilo kama cheti cha kupona. Lakini OWASP wenyewe walieleza kwamba lilikuwa bado linapatikana katika karibu asilimia 8 ya programu. Lilisukumwa tu na hatari nyingine iliyoonekana nzito zaidi.

Tuwe wa haki, kuna hoja upande wa pili. Google, katika maelezo yao kwa wanaowaripotia mapengo, wamesema kwamba njia za kuelekeza watu, zikiwa chache na zikisimamiwa, zina faida na hatari yake ni ndogo. Hoja yao ni kwamba linki yenyewe si ushahidi wa kutegemewa. Kitu pekee cha kuamini ni mstari wa anwani juu ya brauza baada ya kufika.

Kwa kompyuta ya mezani naweza kuwaelewa. Lakini hebu shika simu yako. Ule mstari wa anwani ni mfupi, jina refu linakatwa. Ukifungua linki ndani ya programu ya mitandao ya kijamii, mara nyingine mstari wenyewe huuoni vizuri. Na uko ndani ya mathree, network inasumbua, mvua inanyesha, na unataka kulipa haraka. Kusema "aangalie mstari" ni kumpa abiria kazi ya dereva.

Na tapeli hakuishia kwenye paswadi. Zile "ingia kwa kutumia akaunti nyingine" hufanya kazi kwa mfumo uitwao OAuth. Unatumwa nje kwa mwenye akaunti yako, unakubali, halafu unarudishwa ukiwa umebebeshwa ufunguo. Ukirudishwa pabaya, ufunguo unaenda nao. Kanuni za OAuth 2.0, zilizotoka Oktoba 2012 kama RFC 6749, zilionya juu ya hili. Mei 2014 Wang Jing, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Nanyang kule Singapore, akaonyesha jinsi tovuti kubwa zilivyoweza kutumiwa hivyo, akaliita Covert Redirect. Wataalamu wengi wakasema, "Aah, hilo tulilijua." Kulijua kumbe hakukuwa kumelifunga. Mwongozo mpya, RFC 9700, ulitoka Januari 2025 ukisema anwani ya kurudi ilinganishwe na ile iliyosajiliwa herufi kwa herufi, bila kukisia.

Na siri zilizovuja njiani

Lile onyo la 1996 kuhusu faragha nalo lilitimia. Januari 2015 iligunduliwa kwamba HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kutafutia bima ya afya, ilikuwa ikivujisha habari za watu kwa kampuni za nje, zikiwemo za matangazo: umri, mapato, kama mtu anavuta sigara, kama ana mimba. Sehemu ya habari hizo ilipita kwenye Referer. Zilikuwa zimeandikwa ndani ya anwani ya ukurasa, na brauza ikafanya ilichofundishwa, ikasema mtu ametoka wapi.

Ndipo brauza zikabadilika. Agosti 2020 Chrome 85 ilianza, kwa kawaida yake, kutaja jina la tovuti tu unapovuka kwenda tovuti nyingine, bila ukurasa wenyewe. Firefox 87 ikafuata Machi 2021. Ukiwa ndani ya tovuti moja, anwani kamili bado hutumwa. Ukifikiria, huo ndio mpaka ambao ungepaswa kuwepo tangu mwanzo. Ndani ya nyumba yako unaweza kujua mtu ametoka chumba gani. Nje ya geti, si kazi yako.

Sasa sisi tunaingia wapi

Hapa kwetu tunaishi kwa linki. Karo, kodi, kitambulisho, tiketi, michango ya harusi na matanga, vyote vinakuja kwa ujumbe. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao inamshika anayetengeneza tovuti au kutuma ujumbe ili kumnasa mtu atoe habari zake: faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika habari za watu aweke hatua za kiufundi za kuzilinda.

Naona sheria ya kwanza tunaitaja sana na ya pili tunaisahau. Tapeli ni mkosaji, hakuna ubishi. Lakini mwenye tovuti aliyeacha "next" ikubali kila kitu amemkodisha tapeli jina lake, bure. Jina hilo ndilo watu wanaliamini, na ndilo lililowafanya wabofye.

Kwa hivyo kwa wasee wanaojifunza kodi, na najua mko wengi humu, haya ndiyo historia imetufundisha.

Kama unaweza, usimpe mtumiaji ile karatasi abebe. Weka mahali pa kurudi kwenye kumbukumbu ya seva, mtu akiwa bado anasubiri kuingia. Kisichoandikwa kwenye anwani hakiwezi kubadilishwa na anayetuma linki.

Kama lazima kiwe kwenye anwani, pokea njia za ndani pekee. Na usikague kwa kuangalia mwanzo wa maandishi. Ichambue anwani kwa kifaa kinachojua kuchambua anwani, kisha ilinganishe na orodha yako ya tovuti zinazoruhusiwa. Orodha iwe ya unaowakubali. Ukiandika orodha ya wabaya, Django wamekuonyesha utakuwa ukiirekebisha miaka mitano.

Daima uwe na mahali pa akiba. Ukiwa na shaka yoyote, mpeleke mtu ukurasa wa mwanzo. Atakasirika kidogo. Afadhali hasira hiyo kuliko akaunti tupu.

Usiandike siri ndani ya anwani. Na tumia kifaa cha fremuweki yako badala ya kujitungia, lakini kisasishe, kwa sababu umeona jinsi kinavyotobolewa.

Na wewe usiyeandika kodi, nina mawili tu. Tovuti ikikuuliza paswadi mara ya pili, sekunde chache baada ya ya kwanza, simama. Soma anwani iliyo juu upya, na uisome kuanzia mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina. Pia, acha brauza au programu ya kutunza paswadi ikujazie. Yenyewe haidanganyiki na rangi na nembo. Ikiona jina la tovuti si lile, inakataa kujaza. Ikikataa, usilazimishe.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tanga utakavyo, mwisho utarudi. Wajenzi wa mtandao walilielewa hilo, wakajua kila mtu atataka kurudi alikokuwa. Walichochelewa kukiamua ni nani ana haki ya kusema hapo ni wapi. Jibu langu ni mwenye nyumba, kwa orodha yake mwenyewe, na si karatasi iliyoletwa na mpita njia. Kwa hivyo mwingine akija kwako analia akaunti imeenda, kabla ya kumuuliza kama aliangalia linki, iulize ile tovuti: wewe ulimpeleka wapi?